Biashara ya u-DJ: Kijana anunue laptopu, spika akodi

Minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba katika mikoa ya Mtwara na Lindi, fedha huingia vijijini kwa wingi ndani ya wiki chache. Katika kipindi hicho harusi huongezeka, shughuli za kifamilia zilizoahirishwa tangu masika hupangiwa tarehe, na mwenye mitambo ya muziki hupigiwa simu kutoka vijiji vitatu kwa siku moja. Haishangazi basi kwamba kijana wa Masasi au Newala, akiiona hali hiyo kwa misimu miwili mitatu, huamua na yeye awe DJ.

Uamuzi huo si mbaya. Burudani ni huduma inayouzwa kama usafirishaji au ushonaji, na kijiji chenye umeme na barabara kinaihitaji kuliko ilivyokuwa miaka ishirini iliyopita. Tatizo lipo katika hatua inayofuata. Vijana wengi huanzia mwisho wa safari. Fedha ya korosho ya mzazi, ng'ombe aliyeuzwa au mkopo wa kikundi vyote huishia kwenye spika mbili kubwa, sabufa mbili na jenereta, na kinachobaki ndicho kinachotafutiwa laptopu iliyochoka na programu ya kunakili.

Matokeo yake ni ya kutabirika. Msimu ukipita, mitambo hukaa chumbani ikifunikwa na shuka, panya wakizitafuna nyaya, huku marejesho ya mkopo yakiendelea kudaiwa kila wiki.

Ipo kanuni moja ambayo ingewaepusha wengi na hasara hiyo. DJ anayeanza anunue vile vifaa vinavyofanya kazi kila siku, yaani laptopu, kontrola ndogo, hedifoni na programu halali. Vile vinavyofanya kazi siku ya shughuli tu, yaani spika, sabufa na jenereta, avikodi mpaka daftari lake la kazi lithibitishe kuwa kumiliki ni nafuu kuliko kukodi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina ukweli wake, kwa sababu wapo wanaotumia mwaka mzima kubishana kuhusu aina ya kontrola badala ya kujifunza kuitumia. Hata hivyo, jembe likivunjika mkulima hununua jingine kesho yake. Mitambo ya muziki ikinunuliwa vibaya, familia inaweza kulipa kosa hilo kwa miaka mitano.

Somo la pawatila

Wasomaji wa kurasa za kilimo wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Baada ya serikali kutangaza kaulimbiu ya Kilimo Kwanza mwaka 2009, matrekta madogo ya mkono, maarufu kama pawatila, yaliingizwa nchini na kupelekwa wilayani. Mahali penye mashamba ya mpunga yanayopakana, udongo laini na fundi wa karibu, yalifanya kazi nzuri. Mahali pengine baadhi yalisimama kwa kukosa vipuri, kwa udongo kuwa mgumu, au kwa sababu tu mwenye nalo alikuwa na ekari chache za kulima kwa siku chache za mwaka.

Somo la pawatila ni kwamba mashine haipimwi kwa nguvu zake bali kwa idadi ya siku inazofanya kazi. Mkulima wa ekari tatu hanunui trekta. Hulikodi kwa siku moja, hulipa, na trekta huondoka na gharama zake. Hakuna anayemcheka kwa hilo. Ajabu ni kwamba mkulima huyo huyo, mwanawe akisema anataka u-DJ, humnunulia trekta la muziki kabla hajajua idadi ya ekari.

Ekari za DJ ni shughuli anazopata kwa mwaka, nazo hufuata kalenda ambayo hakuipanga yeye. Katika maeneo ya korosho huongezeka kuanzia Oktoba hadi baada ya mwaka mpya. Kwenye pamba za Simiyu na Shinyanga, fedha huanza kuonekana msimu wa ununuzi unapofunguliwa katikati ya mwaka. Mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka husogea nyuma kwa takriban siku 11, kazi za Waislamu husimama, na Kwaresima hupunguza harusi za Wakristo. Kijana wa pwani anayepanga marejesho ya mkopo bila kuangalia Ramadhani itaangukia wapi ameshaanza biashara yake kwa hasara.

Hesabu ya spika

Mfano wa tarakimu unaweza kusaidia. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu. Kila mtu aweke bei za soko lake, ila njia ya kukokotoa haibadiliki.

Tuseme spika mbili, sabufa mbili, stendi na nyaya zinagharimu Sh6,000,000. Zitatumika miaka mitano, kisha zitauzwa Sh1,000,000. Uchakavu wake ni Sh1,000,000 kwa mwaka. Matengenezo yawe Sh300,000 kwa mwaka. Fedha iliyofungwa humo nayo ina gharama, iwe ni ya mkopo au ya mfukoni. Wastani wa mtaji uliofungwa ni Sh3,500,000, na kwa riba ya asilimia 18 gharama yake ni Sh630,000. Jumla ni Sh1,930,000 kila mwaka, hata kama spika hazikutoa mlio wowote.

Kukodi mitambo ya namna hiyo, pamoja na usafiri na vijana wa kubeba, kuwe Sh150,000 kwa shughuli. Mwenye mitambo yake naye hulipa usafiri na wabebaji, tuseme Sh50,000. Kwa hiyo kumiliki kunamwokolea Sh100,000 kila anapotoka. Ukigawa Sh1,930,000 kwa Sh100,000 unapata shughuli 20 kwa mwaka, chini kidogo. Huo ndio mstari.

DJ mwenye shughuli nane kwa mwaka akikodi atatumia Sh1,200,000. Akimiliki atatumia Sh2,330,000, yaani atapoteza Sh1,130,000 kwa ajili ya fahari ya kuwa na jina lake kwenye spika. Mwenye shughuli 30 akikodi atatumia Sh4,500,000, na akimiliki Sh3,430,000. Huyo anunue, tena asichelewe.

Swali basi si kama spika ni nzuri au mbaya. Swali ni kama kijana ana daftari linaloonyesha shughuli zaidi ya 20, zilizofanyika na kulipwa, si zilizoahidiwa. Anayeanza hana daftari hilo kwa sababu hajafanya kazi, na ndiyo maana asianze na spika.

Lipo pia jambo la kifundi linalowafanya wengi wanunue kubwa kuliko mahitaji. Kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, kwa mfano kutoka wati 500 hadi 1,000, huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haiwi maradufu. Ili msikilizaji aone sauti imekuwa kubwa mara mbili, inahitajika nguvu takriban mara kumi. Na uwanjani, kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa karibu desibeli 6. Ndiyo maana spika mbili za wastani zilizopandishwa kwenye stendi juu ya vichwa vya watu huwafikia wengi kuliko sabufa ya kutisha iliyowekwa chini mbele ya meza.

Aidha, mnunuzi asiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi. Namba kubwa zinazofuatiwa na herufi PMPO hazielezi nguvu ambayo spika inaweza kuitoa usiku kucha. Namba ya kuangalia ni ile ya RMS, ambayo aghalabu ni ndogo zaidi kwa mbali. Muuzaji asiyeweza kuitaja RMS anauza rangi ya boksi.

Kifaa cha kwanza

Zamani kizingiti cha kuingia katika kazi hii kilikuwa kirefu. Mashine ya sahani ya santuri iliyokuja kuwa kipimo cha ma-DJ duniani, Technics SL-1200 ya Japani, ilianza kuuzwa mwaka 1972, na toleo lake la MK2 la mwaka 1979 ndilo lililoleta kitelezo cha kubadili kasi. DJ alihitaji mbili, miksa katikati, na masanduku ya santuri. Mwaka 2001 Pioneer ilitoa CDJ-1000, iliyowezesha CD kuchezewa kwa mkono kama santuri. Kufikia wakati huo programu za kompyuta zilikuwa zimeanza: Traktor ilitoka mwaka 2000, VirtualDJ mwaka 2003, na Serato Scratch Live mwaka 2004.

Leo kontrola moja ndogo inayochomekwa kwenye USB ina magurudumu mawili, vitelezo na vitufe vinavyofanya kazi ya meza ile nzima. Kontrola za daraja la kuanzia, mathalani DDJ-FLX4 ya Pioneer DJ, zile za Hercules za jina la Inpulse au Mixtrack za Numark, zinamtosha anayeanza kwa miaka yake miwili ya kwanza. Tofauti kati yake ni ndogo kuliko kelele za matangazo. Mambo ya kukagua ni manne.

La kwanza ni kadi ya sauti iliyomo ndani. DJ anahitaji njia mbili za sauti kwa wakati mmoja, moja ya wageni na nyingine ya hedifoni yake anapouandaa wimbo unaofuata. Laptopu peke yake ina njia moja. Kontrola nyingi zina kadi ya sauti, lakini zipo ndogo za bei ya chini ambazo hazina, na mnunuzi huligundua hilo siku ya harusi.

La pili ni tundu la kipaza sauti. Biashara ya vijijini na miji midogo haiko klabu. Iko kwenye harusi, kipaimara, maulidi ya familia na mikutano, mahali ambapo mshereheshaji huongea nusu ya muda. Kontrola isiyo na tundu hilo itahitaji miksa ya pembeni, na hapo unafuu wa bei umekwisha.

La tatu ni umeme. Kontrola inayojiendesha kwa umeme wa USB, ikiunganishwa na laptopu yenye betri nzima, haizimiki TANESCO wanapokata. Spika zitanyamaza, lakini jenereta ikiwaka muziki unaendelea pale pale bila kompyuta kuwashwa upya. Umeme ukirudi kwa kishindo, anayeumia ni yule aliyechomeka kila kitu moja kwa moja ukutani. Stabilaiza nzuri kwa ajili ya laptopu ni bima ya bei ndogo. Na kila fundi wa sauti hufuata utaratibu huu: spika huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza, ili mshtuko wa umeme usizipasue.

La nne linawahusu wanunuzi wa mitumba. Kabla ya kulipa, kila kitelezo kisogezwe taratibu huku hedifoni ikiwa masikioni. Kikitoa mikwaruzo kimekwisha. Tundu la USB litikiswe kidogo, likikatika-katika liachwe. Muhimu zaidi, ihakikishwe kama mtengenezaji bado anatoa programu endeshi kwa kompyuta za sasa. Kontrola nzima ambayo kompyuta haiitambui ni sawa na jembe lisilo na mpini.

Kwa upande wa laptopu, wengi watanunua iliyotumika, na Kariakoo zipo tele. Iwe na RAM ya GB 8 na diski ya aina ya SSD. Diski ya zamani inayozunguka haipendi mtetemo wa sabufa. Kompyuta hutoa sauti kwa vifungu vidogo vidogo. Kifungu cha sampuli 512 ni takriban milisekunde 12, na mkono wa DJ hauhisi ucheleweshaji huo. Laptopu dhaifu hulazimisha kifungu kikubwa zaidi, na hapo kitufe hubonyezwa sasa, mlio ukaja baadaye. Laptopu ya kazi isiwe ya kuangalia filamu, isipewe ndugu, na siku ya shughuli intaneti izimwe ili isianze kujisasisha keki ikiwa inakatwa.

Programu halali si anasa

Hapa ndipo wengi hudharau. Programu ya kunakili kutoka kwenye flashi ya rafiki huonekana ni bure, lakini aghalabu huja na virusi, haisasishwi, na siku ikikwama hakuna wa kuulizwa. Kijana anayelipwa ili asikatishe harusi ya watu 300 hawezi kuiegemeza kazi hiyo kwenye programu iliyovunjwa kufuli.

Ukweli ni kwamba hahitaji kuiba. Mixxx ni programu huria, hailipiwi senti, na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Serato DJ Lite hutolewa bure na hukubali kontrola nyingi za daraja la kuanzia. Rekordbox ya Pioneer hufungua uwezo wake wa kuchanganya muziki pindi inapounganishwa na baadhi ya kontrola za kampuni hiyo, ikiwamo DDJ-FLX4. VirtualDJ ni bure kwa mazoezi ya nyumbani yasiyo ya kulipwa, lakini anayeitumia kikazi anatakiwa kulipia leseni.

Ushauri wa kiuchumi ni rahisi. Programu ichaguliwe kwa kuangalia kontrola iliyopo, si kinyume chake. Iwe ile inayofanya kazi bila intaneti. Na isibadilishwe kwa mwaka mzima. Huduma za kusikiliza muziki mtandaoni zisitegemewe. Bando huisha, mtandao wa kijijini huyumba, na masharti ya nyingi kati ya huduma hizo hayaruhusu muziki wake kupigwa hadharani.

Mtaji ambao haushiki kutu

Vifaa vyote vilivyotajwa huchakaa. Mali ya DJ isiyochakaa ni maktaba ya nyimbo na masikio yake.

Maktaba ni ya gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa. Wimbo wa dakika nne katika MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ni karibu MB 9.6, kwa hiyo nyimbo 1,000 hukaa katika GB 10. Faili za kilobiti 128 husikika vizuri kwenye simu, lakini zikipigwa kwenye spika kubwa sauti za juu hugeuka mchanga. Nyimbo zipangwe kwa aina, kasi na tukio: za kuingiza maharusi, za kula, za kuwaamsha wazee, za vijana. Nakala ya pili iwe kwenye flashi ndani ya mfuko wa suruali, si ndani ya begi la laptopu.

Kuhusu masikio, programu zote zina kitufe cha kulinganisha mapigo, na wapo wanaodhani kitufe hicho kimemaliza elimu. Kitufe hufanya vizuri kwenye muziki uliotengenezwa kwa kompyuta, ambao kasi yake haibadiliki. Amapiano inayokwenda mapigo 112 kwa dakika inaweza kuunganishwa na singeli ya mapigo 224 kwa sababu moja ni maradufu ya nyingine, na programu italiona hilo. Lakini shughuli za nchini hazimaliziki bila nyimbo za Mlimani Park, Msondo Ngoma na taarabu. Nyimbo hizo zilipigwa na watu waliokaa pamoja studioni. Mpiga ngoma akipandwa na mori kasi inapanda, akichoka inashuka. Hapo programu huweka alama zake mahali pasipo na mdundo, na DJ aliyezoea kitufe hubaki akitazama skrini huku wazee wakirudi kwenye viti. Mwenye sikio hulinganisha kwa mkono na hakuna anayegundua.

Sikio hilo hujengwa kwa mazoezi ya saa moja kila siku, na hii ndiyo sababu kubwa ya kununua kontrola kabla ya spika. Kontrola na hedifoni hufanya kazi siku 365 bila kumsumbua jirani. Sabufa haifanyi mazoezi.

Masikio pia ni mali inayoharibika bila kurudi. Kipimo kinachotumika sana katika afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100 muda huo ni dakika 15. DJ anayesimama mbele ya spika usiku mzima bila vizibo anauza mbegu yake.

Ushahidi wa Uswahilini

Anayedhani kwamba vifaa vidogo hutoa kazi ndogo aangalie singeli. Muziki huo ulizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, kwa kompyuta za kawaida, programu rahisi na vipande vya taarabu vilivyoongezwa kasi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na wasanii wa kundi hilo wakaanza kualikwa katika matamasha ya Ulaya. Waliposafiri hawakubeba spika. Walibeba laptopu, na baadhi yao hupiga kwa vidole kwenye kibodi ya kawaida ya kompyuta. Spika walizikuta huko, zimekodiwa na mwenye tamasha.

Hoja ya upande wa pili

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Watasema mteja wa kijijini haulizi jina la DJ, anauliza mitambo. Kwamba fedha nyingi ya shughuli huenda kwa mwenye spika, na DJ asiye nazo hubaki kibarua wa wengine. Na kwamba msimu ukipamba moto mitambo ya kukodi haipatikani.

Ni kweli mwenye mitambo huchukua fungu kubwa, lakini ndiye pia anayebeba uchakavu, riba, usafiri na wizi. Fungu lake ni malipo ya mzigo huo, na akikosa shughuli za kutosha fungu hilo halimtoshi. Kuhusu uhaba wa msimu, dawa yake ni kumwekea mwenye mitambo oda mapema na kumlipa kwa wakati. DJ anayemletea mwenye spika kazi sita kwa msimu hakosi spika, na akiwa mwaminifu hupunguziwa bei. Msimu wa kwanza afanye kazi na wamiliki wawili watatu. Ajifunze spika ipi hulalamika, ipi hustahimili vumbi, na fundi gani huaminika. Elimu hiyo anaipata kwa gharama ya mwingine.

Njia nyingine ni umiliki wa pamoja. Mikopo ya vijana inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, hutolewa kwa vikundi zaidi. Ma-DJ watatu na wapiga picha wawili wanaomiliki seti moja ya mitambo wanaweza kufikisha shughuli 40 kwa mwaka, idadi ambayo hakuna mmoja wao angeifikia peke yake. Masharti ni mawili: liwepo daftari la nani ametumia lini, na mfuko wa matengenezo unaochangwa kila shughuli kabla fedha haijagawanywa.

Kinachopaswa kuogopwa ni ile mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu. Mapato ya DJ ni ya msimu kama ya mkulima. Marejesho ya kila wiki ni ya mwenye genge la nyanya. Kuoanisha viwili hivyo ni kuuza spika mwezi Machi kwa nusu ya bei aliyonunulia Novemba.

Kazi ina ofisi zake

Mwisho, kijana asiifanye kazi hii kwa kujificha. Muziki wa watu wengine unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na kuupiga hadharani kibiashara kunahitaji kibali. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, husimamia wanaojishughulisha na sanaa, na pa kuanzia kwa aliye mbali na Dar es Salaam ni kwa afisa utamaduni wa halmashauri yake. Vipo pia viwango vya kelele chini ya kanuni za mazingira za mwaka 2015. Mwenye kibali na mkataba wa karatasi moja hupata kazi za taasisi, ambazo hulipa hata msimu wa mavuno ukiwa umepita.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akija na orodha ya vifaa, asikataliwe kwa kuambiwa muziki ni uhuni, wala asipewe fedha yote kwa huruma. Aulizwe maswali yale yale ambayo mkulima hujiuliza kabla ya kununua mashine: itafanya kazi siku ngapi kwa mwaka, nani ataitengeneza ikiharibika, na bei ya kuikodi ni kiasi gani. Akiyajibu kwa daftari, apewe. Akiyajibu kwa picha za spika kwenye simu, apewe laptopu na kontrola, na aambiwe arudi msimu ujao na hesabu.